Mama wa Flashi

Pale mtaani Kamenu, ukitaka kumuudhi Nzioki, usimtusi. Mwambie tu eti simu yako inalia vizuri kuliko redio. Atakukalisha, akuletee chai, na kabla chai ipoe utakuwa umefundishwa kwamba ngoma husikika kwa kifua na kayamba kwa nywele za shingo. Miaka thelathini alisimama kwa mashine za kiwanda hapo Thika, zile za kufanya watu viziwi. Yeye aliziba masikio na pamba, akayatunza kama ng'ombe wa gredi.

Kupima spika alikuwa na dawa moja tu: kanda ya marehemu mama yake. Alimrekodi mwaka wa themanini na tisa, nyumbani Gatuanyaga, akiimba huku anapepeta maharagwe.

"Spika ikinionyesha mama, imepita," alikuwa akisema. "Ikinionyesha mwanamke fulani tu, irudi dukani."

Sauti nyingine ya huyo mama haikuwako duniani. Hata picha ilikuwa moja, ya kipande, yaani kitambulisho, amekunja uso kama aliyeulizwa kodi.

Mwaka jana kanda ikaanza kuchoka. Nzioki akampelekea rafiki yake Irshad, fundi wa redio kule Ruiru, amhamishie kwa flashi. Irshad akakaa nayo wiki tatu, akaleta flashi. Kanda yenyewe, eti bado anaisafisha. Nzioki akasikiza, akamsikia mama, akashukuru Mungu. Krismasi akakalisha ukoo mzima sebuleni wasikie. Mama mdogo Kaveke, mdogo wa marehemu, alilia mpaka leso ya meza ikatumika.

Mwezi wa tatu Nzioki akamaliza kujitengenezea spika mpya, za mbao, kubwa kama kabati. Akaweka flashi. Mama akatokea. Maharagwe yakatokea, moja moja. Halafu mbali huko, nyuma ya mama, ikapita pikipiki.

Akarudisha. Pikipiki. Na themanini na tisa njia ya kwao ilikuwa ya punda na vumbi. Akajaribu kuitetea: labda ni ya padre. Akarudisha tena, akaongeza sauti. Honi ikalia, ile ya vijana wa boda, ya kulia kama ambulensi. Sasa huyo ni padre gani?

Asubuhi alikuwa Ruiru.

"Irshad, nani anaimba?"

"Karibu chai kwanza, mzee wangu."

"Nani anaimba?"

Irshad akaweka chini chuma chake cha kulehemu. "Mashine ilikula kanda. Siku ya kwanza."

"Mashine gani?"

"Ile."

"Ile nilikukataza?"

"Ile ulinikataza."

"Kwa hivyo ukanitafutia mama mwingine."

"Si mwingine, bana. Ni Ndila."

Ndila ni dada yake Nzioki, tumbo moja, anauza mboga hatua chache tu kutoka hapo. Sauti yao na mama ni moja, hata kukohoa.

"Tulienda mpaka Gatuanyaga," Irshad akaongeza, na karibu ajisifu, "ili hata upepo uwe ule ule. Nilijua masikio yako."

Nzioki hakumtusi. Alirudi Thika akanyamaza mpaka Jumapili, siku ya kumkumbuka mama, ukoo ulipojaa tena sebuleni ukingoja kuwekewa. Akasimama mbele ya zile kabati zake, akawaambia yote: kanda ililiwa, anayeimba ni Ndila. Akangoja nyumba ipige nduru.

Mama mdogo Kaveke alikoroga chai. "Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Maharagwe yalikuwa yangu. Na huyo wa boda nilimfokea mimi mwenyewe, lakini alikuwa amekwisha kupiga honi."

Nzioki akaangalia nyuso, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeshtuka. Kaloki, mumewe Ndila, hata hakuacha chapati.

"Na Krismasi mlikuwa mnalia nini?"

"Tulilia ukweli, mwanangu. Tulijua hatutamsikia tena. Wewe ndiye ulikuwa unacheka."

Ndila akainuka. "Nilikuonea huruma, Nzioki. Ungekufa."

"Huruma ni kuniambia. Ningemlilia pamoja na nyinyi." Akachomoa flashi, akamwekea mkononi. "Shika. Hiyo ni sauti yako."

"Hata usiiweke akiba?"

"Nipimie nini nayo, Ndila?"

Akatoka, akakaa kwa ngazi ya nje, mgongo kwa mlango. Ndani waliendelea kuongea, polepole, kama watu walio karibu na mgonjwa. Hakuna aliyemfuata. Na hapo ndipo Nzioki alianza kumlilia mama yake, peke yake, wenzake wote wakiwa wamemaliza tangu Krismasi.