Uso wa Zimwi la Dhahabu

Kaka yangu alikuwa sonara, na alikuwa mtu wa kupiga. Alimpiga mkewe mpaka akarudi kwao. Mimi nilipoachwa na mume, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilirudi nyumbani kwetu Matrah, Oman, kukaa naye pamoja na mama. Kwa kuwa mkono wangu hautetemeki, akaniweka karakanani kwake, uani, nimsaidie kutia nakshi mipini ya majambia. Kazi ile niliipenda kuliko nilivyowahi kumpenda mume. Nikikosea mstari, kofi. Nikimaliza kabla yake, kofi pia.

Siku moja bwana mmoja wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, mtu wa makamo mwenye kukusanya silaha za kale, akatuletea jambia kutoka kisiwa cha Bali. Halikufanana na letu la Oman. Ubapa wake ulijipinda kama nyoka anayekimbia, na mpini ulikuwa zimwi la dhahabu lililochutama, tumbo mbele, vito vyekundu kifuani. Ila uso haukuwapo. Mpini ulibanwa na mlango wa gari, uso ukasagika.

"Nnautaka kama ulivyokuwa," akasema. Picha hakuwa nayo. Alikumbuka macho yaliyotoka na meno makali, basi.

Mpini wa namna ile ndani ni mtupu. Dhahabu ni bamba jembamba, limejazwa lami lisibonyee. Tuliupasha moto lami ikatoka, tukaukata uso ule na kuandaa bamba jipya. Bamba hulazwa juu ya lami vuguvugu, ukaligonga kwa nyuma ili pua na mashavu yatokeze mbele, kisha unaligeuza na kulichora kwa tindo ndogo. Kila ukigonga kidogo inabidi ulirudishe motoni lilainike. Ukifanya pupa, linapasuka.

Kaka alifanya pupa. Bamba la kwanza likapasuka puani, la pili jichoni. Akanirushia nyundo, ikanipita sikioni na kubomoa lipu ya ukuta.

"Unacheka nini?"

Sikuwa nacheka. Akanivuta kwa ushungi, akanigongesha paji la uso mezani, akatoka.

Nikajifuta damu kwa kanga, nikachukua bamba jingine. Zimwi sikuwahi kuliona, lakini uso wenye hasira nilikuwa naujua kuliko wangu: jicho la kushoto linalotangulia kutoka, mshipa katikati ya paji, mdomo unaojivuta upande mmoja kabla ya kofi. Nikavitia vyote. Nilipomaliza niliogopa, nikataka kuuponda uso ule, nikashindwa. Sijafanya kazi nzuri kuliko ile.

Kaka akaujaza lami, akauunganisha na mpini. Sidhani kama alijiona.

Yule bwana alipokuja, aliugeuzageuza mpini kwenye mwanga. Akamtazama kaka, akautazama tena, akaangua kicheko.

"Wallahi, umejichonga mwenyewe!"

Kaka akanigeukia mimi. Kikaango cha lami kilikuwa kinachemka juu ya jiko la karakana. Nilimwona akikinyanyua, na sikuwahi hata kusimama. Lami ilinishika mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kiganja, na lami haichuruziki ikaondoka kama maji; inaganda papo hapo na kuendelea kuunguza. Nilipiga ukelele. Kwa mkono uliobaki nikaokota tindo, nikamchoma begani. Nikaichomoa, nikamchoma tena. Yule bwana akajitupa kati yetu huku akiita jina la Mungu, na mama akaja mbio na ndoo ya maji.

Hospitalini muuguzi mmoja, mwanamke wa Tanga, alikuwa akiilainisha lami kwa mafuta. Akaniuliza, "Dada, nani kakufanya hivi?"

"Lami imemwagika," mama akadakia. "Wanafanya kazi pamoja, yeye na kakaake."

"Kanimwagia kaka yangu," nikasema. "Na mimi nimemchoma."

Mama akanifinya paja kwa nguvu. Nikarudia kwa Kiarabu, daktari naye asikie.

Polisi wakatuita sote wawili. Kaka akaahidi kutonigusa tena, nami nikahamia kijiji cha Yiti kwa mama mdogo. Mkono haunyooki wote mpaka leo. Radhi kaka hakuniomba.

Mama alininunia muda mrefu. Halafu Ijumaa moja akaja na sufuria ya pilau, na ndani ya kanga aliyoifungia mlikuwa na nyundo yangu ndogo. Ijumaa iliyofuata akaniletea tindo.

"Anajua?" nikamuuliza.

"Hajui. Akijua atanipiga."

Alilisema kama anayesema chumvi imekwisha.

"Mama, kwani anakupiga?"

Akageuza uso. "Kula, mwanangu. Wali unapoa."

Sikula. Nilimwambia harudi Matrah tena, akaniuliza nani atampikia kaka. Nikamwacha hapo, nikaondoka na mama mdogo kwa gari lake, tukaingia nyumbani na kuanza kukusanya nguo za mama. Kaka akaja akasimama mlangoni, amekunja ngumi. Nilikuwa na furushi kichwani.

"Pisha," nikamwambia.

Nikadhani atanipiga. Kisha akasogea.

Tuliporudi Yiti, mama alilikumbatia furushi akalia mpaka sauti ikamkauka. Lawama zote alinitupia mimi, si kaka.