Shamba la Mmawia

Ukitaka kumuudhi Benedikto, mwulize kama ameshapazoea Chilangala. Alivuka Ruvuma miaka ya themanini, akikimbia vita vya kwao, ndevu hazijamtoka sawasawa. Leo ana wajukuu, na goti linamsumbua kila kifuku, mvua zikianza. Lakini bado mtu mzima na akili zake anakaa kwenye benchi lake, anakunywa uraka wake, pombe ya mabibo, anafuta mdomo kwa kiganja, halafu anauliza: "Ehe, Baba Flora, huku kwetu umeshapazoea?"

"Nimepazoea," anajibu Benedikto. Angejibu nini? Akinyamaza, watasema anaringa. Akifoka, watasema Wamawia ndivyo walivyo. Mmawia ndilo jina wanalopewa hapa Wamakonde wa ng'ambo ya mto. Lugha yao moja, chakula chao kimoja, mababu walikuwa wanaoana, lakini jina lipo na halifutiki. Serikali ilimpa uraia zamani, anapiga kura kama wewe na mimi. Kijiji hakina haraka kama serikali.

Tena kijiji hicho hicho, mgeni akitokea, kilikuwa kinampeleka kwake. Mwalimu mpya kutoka bara, nesi wa zahanati, familia zilizotoka Cabo Delgado juzi juzi baada ya nyumba zao kuchomwa moto, wote waliambiwa, "Nenda kwa Baba Flora, atakuelekeza maisha ya hapa." Alikuja hata mama mmoja wa pwani ya kule, Mwanakombo, na watoto wawili na sufuria moja. Benedikto alimkalisha, akampa maji, akaanza somo.

Alimwambia asalimie kwanza, hata kama amekuja kusema nyumba inaungua. Shikamoo haijamwua mtu. Akipewa ming'oko, vile viazi vya porini, ale, hata kama ametoka kula, maana anayekataa chakula cha mtu amekataa mtu. Alimkataza kabisa kusema "kwetu tunafanya hivi". Watu watamvumilia mara mbili, mara ya tatu watamwuliza mbona hakubaki huko. Na maji asimwage ovyo. Bibi za watu hawa walipanda mlima kutoka bondeni na vyungu kichwani, na hawajasahau.

"Na msiba?" Mwanakombo aliuliza.

"Msiba ndiyo penyewe. Ukisikia kilio, usingoje kuitwa. Mwanamume ashike jembe aende makaburini, mwanamke ashike ndoo. Mimi sijui nimechimba makaburi mangapi hapa. Ukiishi nao vizuri, mama, utakuwa wa hapa."

Siku hizi hasemi tena maneno hayo. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia goti linamuuma. Basi nitasema mimi, maana goti halihusiki. Linalohusika ni shamba.

Alipomwoa Yuliana, alihamia kwao, kama wanaume wengi wa uwanda huu wanavyofanya. Mama mkwe aliwaonyesha pori lililokuwa limejaa miiba, akasema, "Chukueni, pandeni." Benedikto alilipiga pori lile hadi viganja vikatoka ngozi. Alipanda mikorosho. Miche ilipotaka kufa kwa jua, alishuka bondeni kutafuta maji na kuyapandisha kwa ndoo. Watu walimcheka njiani, Mmawia anaogesha miti. Mikorosho ikakua. Kila mwaka akapalilia, akapogoa, na msimu wa kupulizia miti salfa alikuwa shambani kabla jua halijatoka, wakati umande bado uko kwenye majani na unga unashika, mashine mgongoni, macho yanawaka hadi mchana. Waliomcheka walikuja kuomba wajue anafanyaje. Aliwaambia. Hakumficha mtu.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo alipojikwaa. Kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Flora, binti pekee wa Benedikto, ni wa ukoo wa Yuliana. Mwanamume naye, kwa desturi hiyo ya zamani, anayemrithi ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Wako wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati, na ni hao hao wanaoyakumbuka vizuri msimu wa korosho ukikaribia.

Yuliana alifariki kifuku kilichopita. Homa, kifua, siku chache, basi. Dada yake Benedikto, mzee na mgonjwa huko ng'ambo, alimtuma mwanawe Nathanaeli aje kulia msiba. Kijana mzuri, mrefu, ana pua ya babu yake. Benedikto alipomwona akiingia uani, alilia kuliko alivyolia makaburini. Miaka yote ile hakuwa amekaa na mtu wa damu yake akaongea naye Chimakonde cha kwao, kile cha kuvuta maneno, bila kuogopa kuchekwa.

Matanga yalipokwisha, alimchukua Nathanaeli akampeleka shambani. Akamtembeza mpaka hadi mpaka. Akamwonyesha mti uliopigwa radi ukapona, na ule unaozaa mabibo ya njano, na mahali Yuliana alipopenda kupumzika. Alikuwa anajisifu, basi, mzee wa watu mwenye msiba, anataka ndugu yake aone kwamba hakupotea bure. Lakini mjomba hamtembezi mpwa wake mipaka ya shamba hivi hivi. Akifanya hivyo amemwambia, hili litakuwa lako. Hakuna Mmakonde asiyelijua hilo, wa upande huu wala wa upande ule, na Benedikto analijua kuliko wengi. Furaha ilimziba macho. Waliokuwa wanapalilia jirani walisimamisha majembe wakatazama, na jua halijazama habari ilikuwa imefika kwa Selestini.

Selestini ni kaka wa marehemu Yuliana. Ameunywa uraka wa Benedikto miaka na miaka na kumwita shemeji kwa sauti tamu. Hakugomba. Alingoja Nathanaeli aondoke, kisha akaita kikao cha ukoo nyumbani kwake, Jumapili baada ya misa. Benedikto alikwenda amevaa koti lake la harusini. Alikuwa na wasiwasi, lakini siyo sana. Aliwajua watu wale; wengine aliwazikia wazazi wao kwa mikono yake.

"Shemeji," Selestini alianza, "hapa hakuna anayekufukuza. Tunauliza tu, ili kesho tusigombane. Lile shamba ulipewa au uliazimwa?"

"Nilipewa. Mama mwenyewe alitupa, mimi na mwenzangu."

"Mama hayupo, mwenzako hayupo. Nani mwingine anajua?"

Watu walitazama chini. Benedikto alimtazama mmoja baada ya mwingine, wale wale waliomwona anapandisha ndoo. Mmoja aliona kuna haja ya kukung'uta kiatu chake. Mwingine alikohoa. Hakuna aliyesema uongo, nisiwasingizie. Walinyamaza tu, na kimya chao kilitosha. Hapo ndipo alipoogopa. Kama shamba lilikuwa la kuazima, basi yeye miaka yote ile alikuwa kibarua, na mikorosho ni ya ukoo wa Yuliana.

"Flora anajua," akasema.

Na kweli Flora alijua. Yuliana alipokuwa kitandani, alimwita binti yake, Benedikto akiwa amekaa pale pale miguuni, akamwambia: "Shamba la baba yako ni la baba yako. Bibi yako alitupa. Mtu asije akamsumbua." Flora aliitikia. Benedikto alisikia kwa masikio yake.

Flora alikuwa amekaa na wanawake kwenye mkeka. Amerudi kutoka Masasi baada ya ndoa kuvunjika, yuko na watoto watatu, na ndiye anayempikia baba yake tangu mama afariki. Alisimama, akakaza kanga kiunoni.

"Flora, mwanangu," Selestini akasema, "mama yako alikwambiaje? Baba yako alipewa au aliazimwa?"

Alimtazama mjomba wake. Hakumtazama baba yake.

"Aliazimwa," akasema, akakaa.

Basi. Kikao hakikuchukua muda tena. Selestini alitamka kwamba mikorosho ni ya Flora na watoto wake, chini ya ukoo, na kwamba shemeji yao mpendwa ataendelea kuishi pale kwa heshima zote. Akitaka kulima muhogo, alime. Asipande mti mwingine, asikate mti bila kuuliza. Wakampa mkono mmoja mmoja. Akaupokea. Ungemwona, ungedhani anapewa pole ya msiba wa pili, na hungekuwa mbali na ukweli.

Wakarudi nyumbani. Flora alitangulia, baba nyuma na goti lake. Walipofika uani, Benedikto hakuweza kujizuia tena.

"Mama yako alikwambia nini?"

"Unajua alichoniambia."

"Kwa nini, Flora?"

Flora hakulia. Benedikto angependa alie. "Ningesema ulipewa, shamba lingekuwa lako," akasema. "Halafu ukifa, Nathanaeli anavuka mto anakuja kuvuna. Umemtembeza mwenyewe, baba, mpaka hadi mpaka, watu wazima wanaona. Mimi hujawahi kunitembeza hata siku moja. Mimi nimepalilia tu. Na hawa watoto niwapeleke wapi? Masasi siwezi kurudi. Wewe ulipokimbia vita ulipata pa kukimbilia. Mimi nikitoka hapa, nakimbilia wapi?"

Benedikto alitaka kumwambia kwamba asingemnyang'anya mwanawe. Lakini alikumbuka alivyojisikia siku ile shambani na kijana yule pembeni yake, mwenye pua ya babu yake, na akajua kwamba hana hakika. Hilo ndilo linalomuumiza hadi leo. Benedikto angemchukia Selestini kwa raha zake. Flora hakumwachia pa kumchukia.

"Ungeniambia," akasema. "Ungeniambia, tungepanga."

"Wewe uliniambia?"

Jioni ile ile Mwanakombo alipita kusalimia. Alikuwa amesikia, kama kila mtu. Akamwuliza kwa sauti ya chini, "Baba Flora, nimepewa kipande cha kulima kule chini. Nifanyeje nisije nikakosea?"

Benedikto alifikiri sana. Zamani angeshaanza somo la shikamoo na makaburi. "Lima muhogo," akamwambia. "Ukikomaa, ng'oa ule. Usipende kitu ambacho huwezi kukibeba." Mwanakombo alishukuru, akaondoka taratibu, na nadhani hakuelewa. Mtu aliyeacha nyumba inaungua hataki kusikia habari za namna hiyo.

Flora alikuwa ameivisha ugali na kisamvu. Alitandika mkeka mahali pa kila siku, akaleta maji ya kunawa, watoto wakajipanga. Benedikto alibaki amesimama mlangoni. Nyumba hii aliikandika mwenyewe, mlango huu aliuchonga mwenyewe, na miaka yote hiyo aliingia akapiga kelele anataka chakula kama mwanamume yeyote kwake. Sasa alisimama, kofia mkononi, hajui akae wapi.

Flora aligeuka akamwona. Uso wake ulibadilika, maana hakuwa mtoto mbaya.

"Baba," akasema, "mbona umesimama? Karibu."

"Ahsante, mama," Benedikto akajibu. "Nimekaribia."

Akavua viatu, akaviacha nje.