Mwaka Nyanya Alipotwanga Shanga Zake

Mtu aliyemwonyesha baba yangu kwa askari alikuwa amejifunika gunia kutoka kichwani hadi magotini, na kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na ushanga wa buluu ambao kioo chake nilikitwanga mimi. Shanga za namna hiyo zilikuwa tano tu duniani. Mmoja ulikuwa mkononi mwangu.

Nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka sitini, na huenda ningezidi kukaa nalo kama nisingepita soko la Nyeri Jumamosi iliyopita kununua nduma. Kando ya wauza ndizi, kijana mmoja alikuwa ametandaza kitambaa cheusi chenye herini na vikuku vya kioo. Nikainama. "Ni za chupa, shosho," akasema. "Tunayeyusha wenyewe. Hauwezi pata mbili ziko sawa." Nilitaka kumwambia kwamba hilo nalijua. Badala yake nilinunua kikuku kimoja cha kijani, nikaenda kuketi kwenye ngazi ya duka, nikakigeuzageuza juani.

Kijiji chetu kilikuwa kimoja kati ya vile vilivyojengwa haraka siku za Hali ya Hatari, mkoloni alipopigana na wapigania uhuru wa msituni, baada ya watu kuondolewa mashambani na nyumba zao kuchomwa. Vibanda vilisimama kwa mistari, ukuta kwa ukuta, na kuvizunguka vyote kulikuwa na handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa ncha. Alfajiri kipenga kililia, kina mama wakatoka kuchimba. Lakini ukiniuliza ninachokumbuka kwanza, si handaki. Ni nyanya yangu akitwanga kioo: tok, tok, tok, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa mtu anayemheshimu.

Tulimwita Cucu. Babu, mume wake, alikuwa mhunzi, na alipokufa alimwachia viriba vya kuvuvia moto. Siku moja enzi za ujana wao chupa iliangukia makaani, na asubuhi Cucu akakuta tone la kioo lililoiva kama zabibu. Tangu hapo hakutulia. Tulipohamishiwa kijijini alibeba viriba, chungu kimoja na vigae vyake vya udongo, akaacha kitanda. Mkuu wa kijiji alimruhusu kuwa na tanuri dogo kwa sababu mke wake alipenda herini, mradi moto uwe umezimwa kabla ya kipenga cha jioni.

Sisi watoto tuliokota vipande nyuma ya duka la Mhindi na kando ya kambi ya askari: kahawia vya chupa za bia, kijani, vyeupe vya mitungi ya jemu. Cucu aliviosha, akavifunga ndani ya turubai ili visimpofushe mtu, akavitwanga kwa kipande cha ekseli ya lori mpaka vikawa unga kama wa wimbi. Alinifunga kitambaa puani na mdomoni. "Unga huu hauliwi wala haupumuliwi," alisema kila siku, kana kwamba ni mara ya kwanza. Tuliuchekecha, tukaujaza kwenye vishimo vya kigae vilivyopakwa udongo mweupe wa mtoni, na katikati ya kila kishimo tukasimamisha kijiti chembamba. Kijiti kiliungua motoni, kikaacha tundu la uzi. Mimi nilivuvia. Viazi vitamu viliiva kwenye makaa hayo hayo, na mpaka leo nikisikia harufu ya kiazi kilichoungua ganda naona rangi.

Hakuziuza. Alimpa aliyejifungua, alimpa aliyefiwa, alimpa hata mtoto aliyeng'oka jino. "Kitu kilichopita motoni hakikai kwa mtu mmoja," alisema.

Buluu ilikuwa nadra. Mkunga wetu, mwanamke mcheshi aliyeolewa kutoka pande za Kerugoya, alipata chupa moja ya buluu kwenye zahanati ya misheni, akamletea Cucu. Zilitoka shanga tano, zote zenye mstari mweupe, kwa sababu kwa uzembe wangu unga wa chupa nyeupe uliingia ndani. Nilijua nitachapwa. Cucu aliziinua juani, akacheka. "Mkono wako umeingia humu," akasema. Mmoja akanipa mimi, mmoja mama yangu, mmoja mkunga. Wa nne alimpa shangazi, dada yake baba. Wa tano alimpa jirani tuliyegawana naye ukuta, ambaye kila siku alilalamika, "Moshi wenu unanikausha kama nyama, na hata nyama yenyewe sipewi!"

Haikupita miezi miwili, askari wakawakusanya wanaume wote uwanjani. Baba alikuwa seremala, alitoka na vumbi la mbao kwenye nywele. Sisi watoto na baadhi ya kina mama tulikalishwa upande wa pili. Kina mama wengine walikuwa bado handakini, kwa hiyo hungejua nani hayupo. Ndipo akaletwa yule wa gunia. Macho yalikuwa matundu mawili. Alipita mbele ya wanaume mmoja mmoja, na kila aliyeonyeshwa alivutwa pembeni. Alipofika kwa baba alisimama kidogo. Kisha mkono ukatoka chini ya gunia, umepakwa matope, hungejua ni wa mume au wa mke. Nikauona. Buluu, na mstari wangu mweupe.

Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, ushanga wake ukinifinya ngozi. Kwa hiyo hakuwa mama. Walibaki watatu.

Kesho yake nilizunguka kwa wote watatu nikijifanya naomba moto. Kila mmoja alikuwa na ushanga wake mkononi. Mkunga alinipa kaa la moto, shangazi alinipa kaa na machozi, jirani alinipa kaa na kipande cha mukimo wa viazi. Nilirudi nikamkuta Cucu akitwanga.

"Cucu, aliyemwonyesha baba ana ushanga wetu."

Ekseli ikasimama hewani.

"Umemwambia mama yako?"

"Hapana."

"Umemwambia nani?"

"Wewe. Ni watatu tu, Cucu. Nimewahesabu."

"Watu hawahesabiwi," akasema.

Kwetu watu hawahesabiwi, wala mbuzi. Ukihesabu unaita kifo kije kuchagua. Nilidhani ananikumbusha mila tu. Lakini yeye alikuwa ameona mbele. Jina lolote likitoka kwenye kibanda chetu, watu wa msituni wangekuja kumchukua mwanamke mmoja, labda si yeye, na baadaye askari wangekuja kutuchukua sisi. Baba alikuwa ameshapelekwa kizuizini. Kilichobaki mikononi mwa Cucu ni mtoto mwenye siri ya kuua.

Alivua mkufu wake. Zilikuwa shanga za buluu za zamani, zilizoletwa na misafara ya biashara kabla ya reli, na babu alimvalisha siku alipomwoa. Sikuwahi kuona shingo yake bila mkufu ule. Akakata uzi kwa meno, akazimimina kwenye turubai.

"Cucu, hizo ni za babu!"

"Babu yako hazivai. Lete ekseli."

Tulitwanga siku mbili. Safari hii unga mweupe niliutia kwa kuambiwa, kidogo kidogo kwa ncha ya kisu. Tuliwasha tanuri mara nne, na Cucu akapita mstari wetu wote wa vibanda, akimfunga kila mwanamke ushanga wa buluu mkononi. Wakafurahi, hakukuwa na mengi ya kufurahia. Lakini mimi bado niliweza kuzitofautisha. Zile za kwanza zilikuwa zimeiva zaidi. Cucu alijua.

Jumapili moja baada ya ibada aliwaita wote. Nyuzi zimeoza, alisema, atazifunga upya. Akaweka ungo katikati.

"Tieni humu."

"Zote pamoja?" mkunga akauliza. "Wangu nimeshaupa jina, nitaujuaje?"

"Utaupa mwingine jina. Kazi yako si ndiyo hiyo?"

Wakacheka, na mkunga akawa wa kwanza kutupa. Jirani aliufuta wake kwenye gauni mara mbili, tatu, kabla ya kuuachia. "Nikipata unaonuka moshi, narudisha!" akasema. Shangazi alishika wake.

"Kwani ni lazima, maitu?"

"Ni lazima," Cucu akamjibu binti yake.

Nilitazama mikono ile mitatu kama sijawahi kutazama kitu. Kila mmoja ulifanya jambo, na kila jambo lingeweza kuwa na maana au lisiwe nayo. Cucu akapepeta ungo kama anayepepeta mtama, shanga zikalia kama mvua juu ya bati. Kila mwanamke akafumba macho, akatoa mmoja. Mimi nikawa wa mwisho. Alipokuwa akinifunga alininong'oneza sikioni, "Sasa hesabu."

Leo handaki limefukiwa na juu yake kumeota kahawa. Mahali pa tanuri pana choo cha shule. Hakuna mtu kwetu anayejua tena kukadiria moto wa kioo kwa rangi yake, na mimi niliyefundishwa sikumfundisha mtu. Jirani ndiye aliyetulisha uji mama alipougua. Mkunga alimpokea mtoto wangu wa kwanza. Shangazi aliuza mbuzi wake nikaenda shule. Wote watatu wamekwisha kuzikwa.

Baba alirudi kutoka kizuizini karibu miaka mitatu baadaye, amekonda, akashika randa yake kama aliyeiweka chini jana. Alipokuwa mzee sana, tukiwa tumekaa wawili kwenye jua la asubuhi, nilimwambia habari ya ushanga. Alikuwa anapuliza uji.

"Ushanga mimi sikuuona," akasema. "Nilimjua kwa mwendo."

"Alikuwa nani, baba?"

Akanywa, akafuta mdomo.

"Nimekula kwake tangu nirudi," akasema, "na yeye amekula kwangu."

Masika yaliyofuata tulimzika. Baba yangu alikula kwa wote watatu.