Mwenyekiti Alikuwa Amekaa Wapi?

Wiki iliyopita nilikuwa katika ofisi ya kijiji kimoja karibu na Ubaruku, nikisubiri mwenyekiti anigongee muhuri kwenye barua. Alikuwa ameketi benchi moja na mama mkulima wa mpunga, mwenye mtoto mapajani, aliyekuwa akihojiwa na binti anayesomea siasa chuo kikuu.

"Mama, viongozi wa kijiji wanawasikiliza?"

Mama akamtupia jicho mwenyekiti. "Sana."

Binti akaandika, kisha akampelekea karatasi kwa furaha mwalimu wake, aliyekuwa amesimama dirishani. "Mwalimu, nimehoji watu kumi na wawili hapa, na wote wamesema sana!"

Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye vumbi hadi magotini, hakumsifu wala hakumgombeza. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulipokuwa unawauliza, mwenyekiti alikuwa amekaa wapi?"

Binti alilitazama benchi.

"Mzee," mwalimu akamwambia mwenyekiti kwa heshima, "naomba ukanionyeshe mfereji wenu wa maji."

Mzee akainuka kwa fahari, wakaondoka pamoja. Somo zima la utafiti lilifundishwa kwa swali moja, na hakuna aliyeaibishwa. Labda mimi tu, ambaye miaka yote nimeandika habari za vijiji nikiwa nimeketi kando ya wenyeviti.

Mama alimpakata mtoto vizuri, akanigeukia. "Na wewe baba, mfereji hutaki kuuona?"

Nikatoka. Nikiwa mlangoni nilimsikia akimwambia binti, "Haya, mwanangu. Uliza tena."