Nilivyoshindana na Mstari wa Pili

Mnisamehe mwandiko huu na herufi nitakazoruka. Niliishia darasa la saba, na kalamu naishika kama jembe.

Nachuma kahawa kwenye shamba moja hapa Karatu. Nina aibu na mikono yangu ni mizito, kwa hiyo Paskali, kijana mwenzangu, hunitania kila siku: "We konokono, utachuma mpaka Krismasi?" Wasichana hucheka. Juzi nikaapa kumshinda, angalau mara moja, nijione na mimi ni mtu.

Nikasikia matawi yakitikisika mstari wa pili, nyuma ya majani. Nikajua ni yeye. Nikaongeza kasi, naye akaongeza. Ujasiri ukanipanda, nikapaza sauti: "Leo utanikoma! Mbona hujibu, umeishiwa pumzi?" Matawi yakazidi kutikisika. Nikavuta mbivu na mbichi pamoja, shati likachanika. "Kubali nimekushinda, kaka!"

"Unaongea na nani?" Paskali akauliza, nyuma yangu. Alikuwa na wasichana wote na msimamizi, wamefuata kelele zangu.

Nikafunua majani. Nyani dume alikuwa ameketi pale, mashavu yamejaa kahawa, ananitazama kama mtu aliyekatizwa kazini.

Msimamizi akachungulia ndoo yangu, mbichi tele. "Afadhali huyo," akasema. "Yeye anachagua mbivu."

Kama yupo aliyewahi kuaibika kunizidi, tafadhali aniandikie. Safari hii nitafurahi kushindwa.