Nilijiosha kwa Dawa ya Ng'ombe

Ilianza na mwasho mdogo pale mkojo unapotokea. Haukuwa uchungu. Ulinisumbua asubuhi, na kufika saa nne nilikuwa nimeusahau. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano baada ya mbili kuharibika, na nilikuwa nimeapa hii haitatoka.

Kwetu, milimani juu ya mji wa Meru, mwanamke hazungumzi habari za huko chini. Mama mkwe angeuliza nimetembea na nani. Basi nikajifanya daktari. Zizini kulikuwa na ile dawa ya kahawia tunayochovyea chuchu za ng'ombe baada ya kukamua, zisipate ugonjwa. Nikajiambia, kama inamfaa ng'ombe wa gredi, wa bei ghali, mimi ni nani? Nikaichanganya na maji, nikajiosha nayo siku tatu. Mjinga mimi!

Mwasho ukageuka moto. Nikaacha kunywa maji ili nisikojoe, nikazidi kuharibu. Siku ya tano nilitetemeka juani, mgongo ukiuma upande mmoja chini ya mbavu, na tangu asubuhi mtoto hakuwa amecheza. Nilimlilia Mungu kwa sauti, jirani asikie asisikie. Mume wangu akanipakia kwenye pikapu ya maziwa hadi hospitali.

Muuguzi, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mama, kuwashwa kidogo inaweza kuwa sabuni tu. Mtu anajiosha na maji peke yake, anakunywa maji mingi, anaona kama itaisha. Lakini ikianza kuchoma, ama kama uko na mimba, usingoje. Unakuja hiyo siku. Saa hii ugonjwa umefika kwa figo, lazima tukulaze."

Mficha uchi hazai. Methali hiyo niliikariri shuleni nikapewa alama zote, na haikunisaidia kitu.

Akaweka chombo tumboni kutafuta moyo wa mtoto. Kimya. Akakisogeza. Kimya. Nilimshika mkono nikasema, "Tafuta, tafadhali, tafuta." Kisha ukasikika, mbio mbio, na nikalia mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Alingoja ninyamaze, akachukua kalamu.

"Na zile mimba mbili za kwanza," akauliza polepole, "uliskia mwasho kama huu?"

Nilikuwa nimeusikia. Mara zote mbili, na mara zote mbili sikumwambia mtu.