Walimnyoa Shangazi

Video ilinifikia dukani kwangu Tunduma kabla mtu yeyote wa nyumbani hajanipigia simu. Nilikuwa nampimia kitenge mteja wa kutoka Nakonde, nikaifungua mkasi ungali mkononi. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwanamke aliyepita miaka sabini, amekalishwa chini uani kwake kule Ihanda. Kijana nisiyemjua anamnyoa kwa wembe mkavu. Watu wanacheka. Damu inamtiririka nyuma ya sikio, naye anaifuta kwa pindo la kitenge chake cha kanisani.

Walikuwa lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini wakidai kufichua wachawi. Aliyewaita ni kaka yangu wa tumbo moja. Mtoto wake alikuwa amefariki kwa degedege, na matanga hayajaisha alishapata wa kumlaumu.

Nilifunga duka, nikaenda Ihanda. Kaka yangu ni msomi. Anapitisha mizigo mpakani, kazi yake yote iko kwenye kompyuta. Nilimkuta kibarazani kwake anachaji simu.

“Kaka, umemfanya nini shangazi?”

“Kwani amekufa?” Hakuniangalia. “Zamani wangemnywesha mwavi. Sisi tumemnyoa tu. Nywele zitaota.”

Alijua anachokisema. Sote wawili tulilelewa na bibi, mama yake baba, na kisa cha mwavi, sumu ya kupimia wachawi, tulikisikia kwake. Ni mambo ya miaka kama mia iliyopita. Mtoto alikufa kwenye boma lao, wakamshika mama yake bibi pamoja na mke mwenzake, wakawanywesha ile sumu mbele ya watu. Aliyeshika kibuyu ni mume wao. Mke mwenza alivimba, akaanguka, akaburutwa hadi porini akaachiwa fisi. Mama yake bibi alitapika. Basi wakapiga vigelegele, wakampaka unga usoni, wakamchinjia mbuzi kwa sababu hakuwa na hatia. Kesho yake akaenda kuchota maji na wanawake walewale waliokuwa wakisubiri afe.

Utotoni nilimshukuru Mungu kwamba nimezaliwa enzi za shule na hospitali.

Shangazi alikuwa ndani ya nyumba yake, kichwa amekifunga kwa kitambaa. Nje, mibuni yake ilikuwa imeng'olewa; eti walikuwa wanatafuta pembe za uchawi alizofukia. Nilimwambia maneno aliyoyasema kaka.

“Yule alitapika, mwanangu,” akasema. “Alitapika, yakaisha. Mimi nitapike nini?”

Nikamchukua tukaja wote Tunduma. Mjini, nilidhani, kila mtu ana haraka zake, malori yamejaa barabarani, nani atamjali bibi kizee? Alikuwa anakaa dukani ananikunjia vitenge, na wateja walimpenda kwa sababu aliwasalimia kwa Kinamwanga. Nywele zikaanza kurudi, nyeupe.

Siku moja tulikwenda sokoni kununua maharage. Binti muuzaji alimpimia vizuri, akamtazama usoni, kisha akamgeukia mwenzake.

“We, si ndiye yule bibi mchawi wa kwenye video?”

Mwenzake akatoa simu kuhakikisha. Aliilinganisha ile sura na uso wa shangazi, waziwazi, kama mtu anayekagua noti. Halafu akainua simu ampige picha. Nilimpiga kofi, simu ikaanguka. Watu wakajaa, na nilisikia wakisema mimi ndiye ninayerithishwa uchawi.

Njiani shangazi hakulia. Tulipofika nyumbani akaanza kufunga nguo zake.

“Nirudishe Ihanda.”

“Kwa watu wale, shangazi?”

“Wale wananichukia wakinijua. Hawa hata jina langu hawalijui.”

Jumapili nilimrudisha. Tulipitia kanisani kwanza. Benchi alilokaa lilibaki letu sisi wawili, ingawa wengine walikuwa wamesimama mlangoni.

Kaka alikuja baada ya ibada, amevaa suti. Alisimama mbele yake uani, palepale walipomnyolea, akainamisha kichwa kama tulivyofundishwa tangu utotoni.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Watoto hawajambo?”

“Hawajambo,” akajibu, akatoa simu mfukoni, akaanza kuisoma.